Theluthi Mbili za Jiwe

Wachimbaji wa kaskazini mwa Minnesota, Marekani, walikuwa na mwamba waliouona kila siku na hawakuwa na haja nao. Ulikuwa wa kijivu wenye mistari myeusi, mgumu kiasi cha kulemaza mashine za kutobolea, na chuma kilichokuwa ndani yake kilikuwa asilimia 25 hadi 30 tu. Mwanajiolojia Horace Winchell aliupa jina la takonaiti katika miaka ya 1890. Kwa karibu nusu karne iliyofuata, mtu akitaja takonaiti katika safu ya Mesabi alikuwa anataja jiwe la kuruka ili ufike kwenye jiwe lenye faida. Leo sehemu kubwa ya mbale ya chuma inayochimbwa Marekani hutoka katika mwamba huo.

Nasoma shahada ya uzamili katika uchenjuaji wa madini, yaani kazi yote inayofanyika kati ya shimo la mgodi na tanuri. Katika vitabu vyetu kisa cha takonaiti huchukua aya moja: palikuwa na profesa, palikuwa na sumaku, jiwe maskini likatajirika. Nilipokwenda kusoma historia yenyewe nilikuta mambo mawili ambayo aya ile imeyaacha nje. Moja ni sheria ya kodi. Jingine ni ziwa. Bila hayo mawili, sumaku ya profesa ingebaki kuwa kifaa cha kuonyeshea wanafunzi.

Tuanze na utajiri uliotangulia. Waojibwe, wenyeji wa nchi hiyo, ndio waliovipa vilima hivyo jina lililozaa Mesabi, neno lenye maana ya jitu. Mwaka 1854, kwa mkataba wa La Pointe, waliachia serikali ya Marekani eneo kubwa la kaskazini-mashariki mwa Minnesota, wakibakiza haki ya kuwinda na kuvua humo. Mwaka 1890 ndugu wa familia ya Merritt kutoka Duluth waligundua mbale laini ya chuma mahali palipokuja kuitwa Mountain Iron. Mbale ni mawe au udongo wenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida, na hii ilikuwa ya ajabu: hematiti nyekundu, laini kama udongo wa kichuguu, yenye chuma zaidi ya nusu ya uzito wake. Haikuhitaji kinu wala kemikali. Ilichotwa kwa makoleo ya mvuke, ikapakiwa kwenye treni, ikashushwa melini katika Ziwa Superior na kupelekwa moja kwa moja kwenye matanuri ya mashariki. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 1892. Mdororo wa uchumi wa 1893 uliwakuta akina Merritt wakiwa na madeni ya kujenga reli, na mali yao ikaishia mikononi mwa John D. Rockefeller. Mwaka 1901 ikaundwa U.S. Steel, na sehemu kubwa ya Mesabi ikawa yake.

Hematiti hiyo ndiyo iliyojenga maghorofa na meli za Marekani, na ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa vita viwili vya dunia. Lakini mbale laini ina mwisho. Maji ya ardhini yalikuwa yameuoza mwamba na kuondoa silika sehemu fulani tu, yakaacha chuma. Pale ambapo maji hayakupita, mwamba ulibaki kama ulivyoumbwa miaka takriban bilioni 1.9 iliyopita. Huo uliobaki ndio takonaiti, na ulikuwa mwingi kupita kiasi.

Mwaka 1913 sampuli za takonaiti zilifika Chuo Kikuu cha Minnesota, zikaangukia mikononi mwa kijana aliyekuwa akifundisha hisabati katika shule ya madini, Edward W. Davis. Alikuwa amesomea uhandisi wa umeme. Hakuwa mtu wa migodi, na pengine hilo lilimsaidia, maana hakuwa amezoea kuliona jiwe lile kama taka. Chuma cha takonaiti ya mashariki mwa Mesabi kiko kwa wingi katika umbo la magnetiti, na magnetiti huvutwa na sumaku, tofauti na ile hematiti nyekundu. Tatizo ni kwamba chembe za magnetiti zimekumbatiwa na silika ngumu. Ukivunja jiwe kuwa kokoto, kila kokoto ina vyote viwili, na sumaku itavuta vyote viwili. Ni lazima usage hadi upate unga laini kama wa ngano, chembe nyingi zikiwa ndogo kuliko mikroni 45, ndipo chuma na silika viachane.

Davis alitengeneza kifaa cha kupima hilo, na bado kinabeba jina lake. Nimekitumia maabara. Ni mrija wa kioo uliolazwa mshazari katikati ya ncha mbili za sumaku ya umeme, maji yakipita ndani yake huku mrija ukitikisika mbele na nyuma na kujizungusha. Unamwaga gramu chache za unga wa jiwe kwa juu. Unga mweusi unaganda ukutani mwa kioo pale penye sumaku, na maji ya kijivu yanateremka kwenye ndoo. Baada ya dakika chache maji yanakuwa meupe. Unazima umeme, unaukusanya ule unga mweusi, unaukausha, unaupima. Hayo ndiyo makinikia, neno ambalo Watanzania hawahitaji kufafanuliwa tangu mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia ya dhahabu na shaba kusafirishwa nje.

Baada ya hapo unaandika jedwali. Lina safu tatu: kilichoingia, makinikia, na mabaki. Tuchukue tani 100 za takonaiti yenye chuma asilimia 30. Ukitoa tani 33 za makinikia yenye asilimia 65, umepata tani 21 na nusu hivi za chuma. Safu ya tatu inajijaza yenyewe kwa kutoa: tani 67 za mabaki, ambazo bado zina chuma kidogo kilichofungwa katika madini yasiyoshikwa na sumaku. Kwenye mtihani safu hiyo ni ya kuhakikisha kwamba hesabu zinafunga. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kwetu wanayaita mabaki marudio, kwa sababu wanajua mtu atayarudia. Theluthi mbili za takonaiti hakuna aliyefikiria kuzirudia.

Ndoo ya maabara si kiwanda. Mwaka 1915 wawekezaji, akiwemo Daniel Jackling, aliyekwisha kuonyesha huko Utah kwamba shaba ya kiwango cha chini inaweza kulipa ikichimbwa kwa wingi mno, waliingiza fedha zao katika takonaiti. Kiwanda kikafunguliwa Babbitt, mashariki mwa Mesabi, mwaka 1922. Mashine zilifanya kazi na bidhaa ilikuwa nzuri. Mwaka 1924 kikafungwa, kwa sababu tani ya chuma kilichosagwa, kusumakishwa na kuchomwa haikuweza kushindana kwa bei na tani ya udongo mwekundu uliochotwa kwa koleo kilomita chache kutoka hapo.

Davis aliendelea kwa miongo miwili mingine, na polepole akaelewa kwamba kikwazo kimoja kikubwa hakikuwa ndani ya jiwe. Minnesota ilikuwa ikitoza kodi ya kila mwaka kwa mbale iliyo ardhini, iwe imechimbwa au la. Kwa hematiti sheria hiyo ilikuwa na haki yake: makampuni yalikuwa yanaondoka na mali ya jimbo, na kodi ndiyo iliyojenga shule za vijiji vya Mesabi. Lakini mwenye takonaiti alihitaji kumiliki akiba ya miaka mingi kabla hajathubutu kujenga kiwanda, na akiba hiyo ingemgharimu kodi kila mwaka kabla hajauza hata kilo moja. Davis akawa mgeni wa mara kwa mara katika kumbi za bunge la jimbo. Mwaka 1941 sheria ilibadilishwa: takonaiti ingelipiwa kodi kwa kila tani ya makinikia yanayozalishwa, badala ya kwa kila tani iliyolala ardhini.

Siku moja kabla ya sheria hiyo kupita, na siku moja baada yake, mwamba wa Babbitt ulikuwa na asilimia zile zile za chuma, lakini sasa ulikuwa mbale. Darasani tunafundishwa kwamba mbale ni dhana ya kiuchumi, na wanafunzi tunaandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuisahau. Hapa ilikuwa na tarehe na kura za wabunge.

Vita Kuu ya Pili ilimaliza mjadala uliobaki. Mashimo ya hematiti yalikamuliwa kwa kasi hadi kila mtu akaona mwisho wake. Kampuni ya Reserve Mining, iliyoundwa mwaka 1939 na kuja kumilikiwa na Armco na Republic Steel, iliamua kuchimba Babbitt na kujenga kiwanda kwenye ufuko wa Ziwa Superior, kilomita 75 hivi kwa reli, mahali ambapo pangejengwa mji mpya wa Silver Bay. Kiwanda kilipewa jina la Davis. Kilianza kazi katikati ya miaka ya 1950.

Kama kazi ya uhandisi, kilikuwa cha kustaajabisha. Mashimo ya baruti yalitobolewa kwa mwali wa mafuta ya taa na oksijeni, kwa sababu chuma cha kawaida cha kutobolea kilikuwa kinakwisha makali upesi mno. Mawe yalipondwa, yakapondwa tena, kisha yakasagwa kwa maji ndani ya vinu vinavyozunguka vikiwa na nondo na mipira ya chuma. Tope lilipita kwenye mapipa yenye sumaku, hatua baada ya hatua, likisagwa tena kati ya hatua moja na nyingine. Makinikia yaliyopatikana yalikuwa laini mno kwa tanuri. Hewa ya moto ingeyapuliza nje kama vumbi. Kwa hiyo yalichanganywa na kiasi kidogo cha bentonaiti, udongo unaonata, yakaviringishwa ndani ya pipa hadi yakawa vidonge vya ukubwa wa gololi, kisha yakachomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi. Vidonge hivyo, vinavyoitwa peleti, vilikuwa vigumu, vya ukubwa mmoja, na hewa ilipita vizuri kati yake. Matanuri yaliyolishwa peleti yalitoa chuma zaidi kuliko yaliyolishwa hematiti ya asili. Jiwe lililodharauliwa likaishia kuishinda ile mbale bora sokoni. Mwaka 1964 wapiga kura wa Minnesota waliingiza katika katiba ya jimbo lao kifungu cha kulinda kodi ya takonaiti kwa miaka 25, na mwaka huo huo Davis alichapisha kitabu chake, *Pioneering with Taconite*.

Sasa turudi kwenye safu ya tatu. Kusaga na kutenganisha kwa sumaku kunataka maji mengi sana, na mabaki yanataka mahali pa kukaa. Ziwa lilitoa vyote viwili. Mwaka 1947 Reserve iliomba vibali vya jimbo vya kumwaga mabaki katika Ziwa Superior. Watetezi wa mradi, Davis akiwa miongoni mwao, walitoa hoja ya kisayansi: tope zito lingeteremka kama mkondo hadi kwenye bonde la chini ya maji lililo mbele ya Silver Bay, lenye kina cha mita 270 hivi, na kutulia huko. Mabaki yalikuwa mchanga tu, wakasema. Vibali vikatolewa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulipima ziwa hilo kwa urahisi. Kwa eneo, kati ya maziwa yote ya maji baridi duniani, Superior ndilo pekee linaloizidi Victoria. Kilipofikia uwezo wake, kiwanda cha Silver Bay kilimwaga humo takriban tani 67,000 za mabaki kwa siku. Hiyo ni sawa na lori la tani 30 kumwaga mzigo wake kila sekunde 39, usiku na mchana. Sehemu ya tope ilifuata njia iliyotabiriwa. Chembe laini kabisa hazikuifuata. Zilielea na kusafiri na mikondo ya ziwa, na wavuvi wakaanza kulalamikia maji ya kijani yenye ukungu.

Duluth, wakati huo mji wa watu 100,000 hivi, uko zaidi ya kilomita 80 kusini-magharibi mwa Silver Bay na ulikuwa ukinywa maji ya ziwa hilo bila kuyachuja, kwa sababu yalikuwa masafi. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya Reserve. Juni 1973 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilitangaza kwamba maji ya bomba ya Duluth yalikuwa na nyuzi zinazofanana na asibesto. Watu wakaanza kupanga foleni za maji mengine.

Nyuzi hizo zilitoka wapi? Hapa ndipo jiolojia inaponinyima usingizi. Miaka takriban bilioni 1.1 iliyopita magma kubwa ilipanda na kugusana na ncha ya mashariki ya mwamba wa Mesabi. Joto lake liliupika mwamba. Chembe za magnetiti zilikua kubwa kidogo, na kwa sababu hiyo Babbitt palikuwa mahali rahisi kuliko pengine pa kuanzia kutenganisha kwa sumaku. Joto lile lile liligeuza sehemu ya silika na chuma kuwa madini ya jamii ya amfiboli, mengine yenye umbo la sindano, jamaa wa karibu wa aina mojawapo ya asibesto. Tukio moja ndilo lililofanya jiwe lifae na ndilo lililolitia sumu. Hakuna sumaku wala kipimo katika jedwali langu la safu tatu kinachoonyesha hilo, kwa sababu jedwali linauliza chuma ni kiasi gani tu.

Kesi ilianza kusikilizwa Agosti 1973. Davis alifariki mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 85. Aprili 20, 1974 Jaji Miles Lord aliamuru kiwanda kisimame. Wafanyakazi takriban 3,000 walikwenda nyumbani, na miji ya Silver Bay na Babbitt, ambayo haikuwa na sababu nyingine ya kuwepo, ikakaa ikisubiri. Siku mbili baadaye mahakama ya rufaa ilisitisha amri hiyo. Mwaka 1975 mahakama hiyo ilisema kwamba madhara kwa wanywaji wa maji hayajathibitishwa, lakini kuna hofu ya kitabibu yenye msingi, na kwamba kampuni ilipaswa kupewa muda wa kutosha kuhamisha mabaki yake nchi kavu. Mwaka uliofuata Lord aliondolewa katika kesi kwa kuonekana ameegemea upande mmoja. Duluth ilijenga mtambo wa kuchuja maji. Umwagaji ziwani ulikoma mwaka 1980, mabaki yakaanza kupelekwa kwenye bwawa la nchi kavu liitwalo Milepost 7.

Ni rahisi kukisoma kisa hiki kama vita vya kampuni mbaya na watu wema. Lakini wafanyakazi wa Silver Bay walikuwa wameletwa huko na ahadi ya jimbo lao wenyewe, kwa vibali halali, na watoto wao waliyanywa maji yale yale. Wakazi wa Duluth waliodai kiwanda kifungwe walikuwa wakiishi katika mji uliojengwa na mapato ya chuma. Hata Davis alikuwa akijibu swali la kweli: Mesabi ingeishi vipi hematiti ikiisha? Alilijibu vizuri kwa theluthi moja ya jiwe.

Bwawa nalo si mwisho. Reserve ilifilisika mwaka 1986, na kiwanda kikafufuliwa baadaye chini ya wamiliki wengine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ulioanza mwaka 2008 kwa kuagizwa na jimbo, ulikuta kwamba mezothelioma, saratani inayohusishwa na asibesto, ilikuwa juu kuliko kawaida miongoni mwa wafanyakazi wa takonaiti, na hatari iliongezeka kadiri mtu alivyofanya kazi miaka mingi zaidi. Maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mabaki na mashimo ya Mesabi hubeba sulfati, na sulfati ikizidi huumiza mpunga-mwitu unaoota katika maziwa ya huko. Waojibwe wanauita manoomin, na ni chakula chao cha heshima na cha ibada. Tangu mwaka 1973 Minnesota ina sheria ya miligramu 10 za sulfati kwa lita katika maji yenye mpunga huo. Kuitunga kulikuwa rahisi kuliko kuisimamia, na makabila bado yanadai itekelezwe.

Nasoma haya nikiwa Mtanzania anayejua kwamba Liganga, wilayani Ludewa, kuna magnetiti ambayo nchi imeizungumzia kwa miongo. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia mkataba na kampuni ya Kichina kwa ajili yake, na chuma bado kiko mlimani. Liganga si Mesabi. Tatizo lake kubwa si uhaba wa chuma. Ni titani iliyofungamana na chuma katika chembe zile zile, kwa namna ambayo sumaku peke yake haiwezi kuviachanisha, na titani huufanya utusi wa tanuri kuwa mzito. Humo mna vanadi pia, na ndiyo inayowafanya watu wapige hesabu za faida mara mbili. Uchenjuaji wake utakuwa mgumu kwa njia yake, na natamani kizazi changu kiwe ndicho kitakachoufanya.

Mjadala wetu wa makinikia ulikuwa mkali na wa lazima, na uliuliza maswali ya safu ya pili: kuna nini ndani ya makontena, na nani analipwa. Ludewa inapakana na Ziwa Nyasa. Siku upembuzi wa mradi wowote wa huko utakapowekwa mezani, nitafungua kwanza ukurasa wa mabaki: ni tani ngapi kwa siku, yana madini gani mbali na yale yanayouzwa, yatalazwa bonde gani, na maji ya bonde hilo yanakwenda wapi.